Chumvi inaweza kushika udongo wa ukingo? (Kadutu, Bukavu)

ukingo_wa_kadutu
Jambo ndugu zangu. Parseli yangu iko kwenye mteremko, na mvua ikipiga, ukingo wa chini unaliwa. Nilikoroga udongo wake mwekundu kwenye glasi mbili za maji ya mvua, moja nikaitia kijiko cha chumvi. Ya chumvi ilitakata juu upesi, tope likalala chini. Nyingine ilishinda mpaka usiku ikiwa kama chai ya maziwa. Sasa jirani anasema ninunue gunia la chumvi nimwage ukingoni. Ni akili hiyo, ao ni kutupa feza?

mwalimu_wa_kemia
Usimwage, ndugu. Glasi yako imesema kweli, ila nusu tu. Chembe za mfinyanzi zina chaji hasi, kwa hiyo kwenye maji yasiyo na chumvi zinasukumana na kuelea. Ukitia chumvi, ayoni zake (vipande vyake vidogo vyenye chaji, kama sodiamu) zinapunguza ule msukumano. Chembe zinagandana mabonge mabonge na kuzama. Tope lililotulia hivyo, mkondo unahitaji nguvu zaidi kulichimba.

Lakini hiyo ni mradi chumvi ibaki majini. Mvua za hapa zitaiosha, na sodiamu iliyokwisha kuifukuza kalsiamu ya udongo itabaki imeng'ang'ania udongo. Hapo chembe zinavimba na kuachiana kuliko mwanzo. Tena nyasi zitakufa, na mizizi yake ndiyo imekushikia ukingo mpaka leo.

Wanorwei wanalijua hili kwa machozi. Mfinyanzi wao mwingi ulitua baharini; nchi ikainuka baada ya barafu kuyeyuka, maji matamu yakaosha chumvi kwa maelfu ya miaka, mfinyanzi ukabaki dhaifu. Mwaka 1978 kule Rissa, watu walichimba kidogo tu kupanua banda la shamba, na mashamba mazima yakatiririka hadi ziwani.

mtu_wa_nguba
Mwalimu, ziwa Kivu nalo si lina chumvi? Mbona mto Kawa ukishuka na tope lake, ziwa linabaki jekundu pale?

mwalimu_wa_kemia
Linayo, kama gramu 1 kwa lita kwenye maji ya juu. Bahari ni kama 35. Usiidharau lakini, maana kuna magnesiamu nyingi, na hiyo ina chaji mbili, inagandisha kuliko sodiamu. Ila mto ukiwa bado unasukuma, mabonge yanavunjwa kabla hayajazama.

Wewe wa Kadutu, fanya hivi: chukua kidonge cha udongo uliokauka, ukubwa wa haragi, kiweke polepole kwenye maji ya mvua. Usikoroge. Uangalie pembeni yake.

ukingo_wa_kadutu
Nimefanya. Kimebomoka chote, kimekuwa rundo la punje ndogo. Lakini maji yenyewe ni safi, naona mpaka chini ya glasi.

mwalimu_wa_kemia
Basi vizuri. Kama kungetokea wingu la maziwa kuzunguka kidonge, ningesema sodiamu imeshaingia, tungezungumza chokaa, irudishe kalsiamu. Wako unabomoka kwa kulowa ghafla, hautawanyiki wenyewe. Ile glasi ya kwanza uliitawanya wewe kwa kijiko. Maji yanayokula ukingo yanatoka wapi?

ukingo_wa_kadutu
Bomba la bati la huyo huyo jirani wa chumvi. Linamwaga moja kwa moja juu yangu.

fundi_mfereji
Hahaha! Mwambie hela ya gunia inunue tiyo, maji yashuke hadi mferejini. Weka mawe pale yanapoangukia, panda matete ukingoni kabla Septemba haijaingia.