Mnaorekodi "majaribio ya kemia" ya moto sebuleni, mtaunguza watoto wa watu!

Wakuu, leo sina salamu ndefu. Hawa wanaojiita walimu wa sayansi wa mtandaoni wamenichosha. Kila nikifungua simu nakutana na kijana kasimama mbele ya meza ya chakula, kaweka chumvi ya shaba kwenye kibakuli, kamwagia spiriti, kapiga kibiriti, moto umegeuka kijani, watu wanashangilia. Chini kaandika "usijaribu nyumbani". Na yeye yuko wapi? Si yuko kwao, pazia linaonekana nyuma yake?

Sasa itazameni ile video hadi mwisho. Moto unafifia. Jamaa anachukua chupa ileile, anainamisha, anaongezea. Hapo ndipo nilipotukana peke yangu kama kichaa, maana hicho ndicho kitendo kinachounguza watu, na hajakisemea hata neno moja!

Chupa iliyobaki nusu si kwamba juu ni patupu. Pale pana mvuke wa spiriti uliochanganyika na hewa. Mwali ukipanda kwa kufuata mmiminiko ukaingia ndani ya chupa, ule mvuke unawaka ghafla na kusukuma spiriti iliyobaki nje kupitia mdomo wa chupa, tayari inawaka. Unatoka ulimi wa moto unaoruka mita kadhaa kwenda mbele. Mshika chupa anaweza akapona. Anayeungua ni aliyekaa upande wa pili anatazama, na kwa watoto huyo ni yule mdogo ambaye uso wake uko sawa na meza.

Halafu mtu ananijibu eti "anayeungua hakuwa makini, mimina moto ukishazima". Nani kakwambia umezima? Mwali wa methanoli, mojawapo ya alkoholi zinazotumika kama spiriti, ni hafifu kiasi kwamba penye mwanga unaweza usiuone kabisa. Unamimina ukidhani bakuli limepoa, kumbe bado linawaka.

Na msiniambie nakuza mambo. Septemba 2014 huko Denver, Marekani, mwalimu alikuwa anaonyesha jaribio kwa methanoli darasani, ulimi wa moto ukamfikia mwanafunzi. Mwezi huohuo, jumba la makumbusho mjini Reno, watoto wakaungua kwenye onyesho la methanoli vilevile. Bodi ya serikali ya Marekani inayochunguza ajali za kemikali ilishatoa video ya onyo kuhusu hatari hiyohiyo Desemba 2013. Hao waliokuwa wakionyesha walikuwa watu wazima, tena kazini kwao. Mtoto mwenye simu na chupa ya spiriti atafanya nini?

Kuna na wale wa "spiriti si petroli bwana". Ethanoli tupu, alkoholi ya spiriti ya kawaida, inatoa mvuke wa kutosha kushika moto ikifika nyuzi joto 13 tu, methanoli 11. Chumba chako kina nyuzi ngapi? Petroli ndiyo usiseme, hata kwenye baridi ya kugandisha maji inawaka. Na mvuke wa vitu hivi ni mzito kuliko hewa, unatambaa sakafuni kimyakimya hadi ukutane na jiko lililowashwa chumba cha pili. Wewe umekaa mbali na moto, moto unakufuata.

Kuna mwingine kashauri watu waweke ndoo ya maji pembeni. Sawa, kwa aliyeungua maji ni mazuri: yatiririke juu ya jeraha dakika 20, yawe ya ubaridi wa kawaida, si barafu, si dawa ya meno. Lakini ukiyamwaga kwenye petroli inayowaka, petroli inaelea juu yake na kusambaa na moto wake.

Najua mtakuja na ile ya "unaua vipaji vya wanasayansi wadogo". Kipaji gani kinahitaji spiriti? Siki na magadi vinatosha kumfundisha mtoto kwamba vitu viwili vikikutana huzaa gesi. Tatizo lenu ni kwamba povu haliwaletei watazamaji.

Ile video nimeiripoti zaidi ya mara moja, bado iko hewani. Mwenye kujua namna nyingine ya kuishusha aiandike hapa chini. Wa "tumia akili" apite tu.