Pundamilia wanakesha wakifuata seng'enge, nifanyeje?

Mchunga_Kiruhura
Shikamooni wakubwa. Nasimamia shamba la ng'ombe wa Ankole hapa Kiruhura, Uganda, jirani na Hifadhi ya Ziwa Mburo. Mwezi wa tatu mwenye shamba alipiga seng'enge, nyuzi saba kwa nguzo za mkaratusi, upande wote unaoelekea ziwani. Sababu zake nazielewa. Pundamilia walikuwa wanamaliza majani, wanakunywa bwawa letu, na yeye anaogopa kupe.

Sasa kiangazi kimeingia. Bwawa limebaki tope. Pundamilia walioshinda huku kwetu mvua yote wanataka kuteremka kwenye maji, na uzio umewafungia ndani. Kila alfajiri nakuta kando ya waya wamechonga njia, udongo umekuwa unga. Wanakwenda hadi kona, wanageuka, wanarudi. Pofu, yule swala mkubwa kama ng'ombe, na uzito wake wote, anaruka. Ngiri amechimba chini. Swala pala nao wanajua pa kupenya. Pundamilia hawaruki, wanatembea tu.

Jumanne nilimkuta mtoto wao amenaswa mguu wa nyuma, mama yake amesimama hatua kama ishirini, hataki kuondoka hata nilipokaribia. Nilikata nyuzi mbili kwa koleo. Aliondoka anachechemea. Nimekua nikiwaona wanyama hawa tangu nachunga ndama za baba, na siwezi kuwatazama hivi mpaka mvua irudi. Kuna namna uzio ukabaki na wao wakapita?

Askari_Mstaafu
Marahaba kijana, ulifanya vema kukata. Nimelinda wanyama miaka mingi, na kosa hili nimeliona mara nyingi: watu wanafuata mpaka wa kwenye karatasi, hawaulizi njia ya maji iko wapi.

Asikudanganye mtu kwamba watazoea. Kule Botswana kulikuwa na uzio uliojengwa 1968, ukakata safari ya pundamilia kati ya delta ya mto Okavango na nyika za chumvi za Makgadikgadi. Uliondolewa 2004. Miaka michache baadaye pundamilia wakaonekana wanaifanya safari ile ile, mamia ya kilomita kwenda na kurudi, na hakuna hata mmoja wao aliyekuwa hai wakati uzio unajengwa. Mimi nikikumbuka hilo mwili hunisisimka.

Swali langu: ng'ombe wako wanalala wapi usiku?

Mchunga_Kiruhura
Kwenye boma, Afande. Wanaingia saa kumi na mbili jioni.

Askari_Mstaafu
Basi usiku seng'enge haimzuii ng'ombe yeyote. Tafuta mahali njia yao ya zamani inapokutana na uzio, utaijua, imezama kama mtaro. Weka geti pana hapo. Lifungue ng'ombe wakishalala, lifunge alfajiri kabla hawajatoka. Usiweke geti kwenye kona, fisi na chui wanajifunza upesi kusubiri mahali mnyama anapobanwa.

Na waya wa chini kabisa, pale pala wanapopenya, badilisha uwe laini usio na miiba, uuinue kama nusu mita. Waya wa juu nao uwe laini, maana pofu akikosea kidogo anachanika tumbo. Funga vitambaa vyeupe kwenye nyuzi. Wanyama wengi wanaumia kwa sababu hawauoni waya wakiwa mbioni.

Mama_Shamba_Bweyale
Poleni, lakini sisi wa upande wa Hifadhi ya Murchison tunalilia uzio. Ndovu akilala kwenye mahindi yako usiku mmoja, watoto hawasomi muhula huo. Ule wa umeme unasaidia, ila ndovu ana akili: pembe haipitishi umeme, kwa hiyo anasukuma waya kwa pembe, au anaangusha mti juu yake. Jirani zangu wanazungumzia mizinga ya nyuki kama Wakenya, mmoja kila mita kumi, imeunganishwa kwa waya. Ndovu akigusa, mizinga inatikisika na nyuki wanatoka. Ndovu anaogopa nyuki kweli.

Ndugu yangu, hizo nyuzi ulizokata umezitia wapi? Zikusanye zote. Huku waya ukiachwa porini, kesho ni mtego.

Mchunga_Kiruhura
Asante mama, nimezifungia stoo.

Nimeongea na bosi. Nilimpeleka alfajiri akaone mwenyewe zile nyayo za kwenda na kurudi. Alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza mtoto alinaswa wapi. Geti amekubali, kwa mwezi mmoja wa majaribio. Waya laini bado, anasema ndama watatoka.

Jana usiku ulikuwa wa tatu. Usiku wa kwanza hawakupita, walisimama mbele ya lile pengo wakinusa nguzo. Wa pili vilevile. Leo nimekuta kwato zimepita katikati ya geti kuelekea ziwani, nyingi, na nyuma kabisa kuna alama za mdogo mmoja anayeburuta mguu.

Afande, mguu ule utapona wenyewe au niwaite watu wa hifadhi?

Askari_Mstaafu
Waite leo.