Aswan: bwawa lenyewe lina cha kuona, au twende Abu Simbel moja kwa moja?

Mama Zuhura
Jamani nisaidieni kabla hatujalipa. Tupo kumi na mmoja, wanawake tisa wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa na waume wawili, tumechanga miaka miwili twende Misri mwezi wa pili. Kairo na piramidi hakuna ubishi. Ubishi umeanzia Aswan, kule kusini mwa Misri. Aliyetupangia safari ameweka siku nzima ya Bwawa Kuu na Ziwa Nasser, kesho yake ndio Abu Simbel kwenye mahekalu ya mafarao. Nusu ya kikundi wanasema bwawa ni bwawa, Mtera tunapita juu yake na basi la Iringa na hakuna anayeamka usingizini, sasa la nini kupanda ndege kwenda kuangalia jingine? Mimi nataka kwenda, ila nikiulizwa sababu naishia kusema "ni la kihistoria" wananicheka. Nipeni sababu. Wanaopinga nao waseme, ila msinitukanie watu wangu.

Fundi Mchundo
Nilifika 2019 mama, nitakwambia ukweli. Ukitegemea ukuta wa zege uliosimama wima kama zile picha za Marekani utanuna. Lile ni tuta, mlima wa mawe na udongo mfinyanzi katikati, chini upana mita 980, juu 40, urefu mita 3,830. Kimo ni mita 111 lakini ukiwa juu huzioni kwa sababu limelala. Gari likasimama katikati, tukashuka, upepo unakuchapa mchanga usoni, kusini maji mpaka macho yanachoka, kaskazini mto mwembamba na nyumba ya mitambo 12, tukapiga picha tukaondoka. Dakika ishirini. Siku nzima ni kuibiwa. Pitieni mkienda hekalu la Philae, inatosha.

Sheikh wa Kisauni
Hizo dakika zako ishirini zilimwagiwa damu ndugu yangu. Marekani na Uingereza waliahidi fedha, Julai 1956 wakajitoa, haikupita wiki mbili rais wa Misri, Nasser, akautaifisha Mfereji wa Suez ili apate pesa ya kujengea, na kabla mwaka haujaisha Muingereza, Mfaransa na Muisraeli wakamvamia. Akaja Mrusi na hela na wahandisi. Kazi ikaanza Januari 1960, ikaisha 1970, na Nasser akafariki mwezi wa tisa mwaka huo huo bila kuhudhuria ufunguzi. Marehemu baba alikuwa akisikiliza Redio Cairo kwa Kiswahili hapa Mombasa, Mkoloni hataki kabisa, wao wanajifungia chumbani sauti chini, na bwawa hilo wakilitaja kana kwamba linajengwa Likoni. Mimi nilipokanyaga pale nililia. Wewe ulikuwa ukitazama saa.

Fundi Mchundo
Sheikh sikuangalia saa, dereva ndiye aliyekuwa anapiga honi. Na kulia hakuandikwi kwenye ratiba ya watu kumi na mmoja.

Dereva wa Thika Road
Mama okoa pesa yako. Piramidi ona, hiyo bwawa wacha. Na kama ni Wanubi, wale wenyeji wa huko Aswan, unataka kuona, Kibera wako tele, unapanda matatu tu hapo tao mia moja bob na unarudi lunch.

Mwana-Ukerewe
Mimi hoja yangu ni moja. Lile ziwa ni maji yetu. Yanatoka Victoria, yanapita Jinja, yanakwenda kujaa kwao, halafu mimi Mkerewe nilipe kiingilio kuyaangalia? Wangetulipa sisi.

Binti wa Makina
Dereva, rudi hapa. "Kibera wako tele." Sisi ni tausi? Nimezaliwa Makina, hapo hapo Kibera, mamangu kazaliwa Makina, babu yake alikuwa askari wa KAR, jeshi la Mkoloni, aliletwa na Muingereza kutoka Sudan akapigana vita visivyo vyake akaonyeshwa msitu akaambiwa kaa. Hata hilo jina kibra ni msitu kwa lugha yetu. Na sisi SI wale wa Aswan. Kinubi chetu ni Kiarabu cha kambini kilichochanganyikana na lugha za Sudan ya kusini, wale wana Kikenzi na Kifadija chao ambacho sijui hata kusalimia. Jina moja, watu mbali mbali. Uliza kwanza.

Dereva wa Thika Road
Sasa dada hasira ya nini, nimesema tu wako. Si mmekaa hapo miaka na miaka.

Binti wa Makina
Miaka zaidi ya mia, na hati ya ardhi tumeiona 2017, ekari 288 peke yake katika maelfu. Muda wote huo kila kiongozi anasema Wanubi ni wageni, kwenu ni Sudan. Kwa hiyo mtu akitutaja kama kitu cha kutazamwa na matatu, ndio, nitakasirika, na kesho ukirudia nitakasirika tena.

Sheikh wa Kisauni
Binti, kwa heshima, asili si ni ile ile ukirudi nyuma? Wote mto mmoja, dini moja.

Binti wa Makina
Shikamoo mzee. Asili ya babu zetu ni kusini zaidi, kina Wakakwa, Walugbara, watu wa milima ya Nuba, kila kabila, walikusanywa jeshini. Jeshi ndilo lililotufanya Wanubi. Ukimwambia hivyo Mnubi wa Aswan mwenye ukoo wa maelfu ya miaka mtoni atakushangaa. Tunachofanana ni kuhamishwa tu.

Mhandisi Maji
Wakati nyinyi mnagombania ukoo naomba nimjibu Mwana-Ukerewe maana hili linarudiwa kila siku na si kweli. Maji yanayofika Aswan kwa sehemu kubwa sana, kama asilimia 85, yanatoka nyanda za juu za Ethiopia, Nili ya Bluu na wenzake. Yetu ya Victoria yakifika vinamasi vya Sudd kule Sudan Kusini nusu yake inakauka na jua. Kwa hiyo ukisimama Aswan unatazama mvua ya Ethiopia. Ndio maana Misri haikulala Waethiopia walipokuwa wanajenga lao la Hidase mpaka wakalizindua Septemba 2025.

Mwana-Ukerewe
Asilimia 15 ni bure? Nikuchukulie asilimia 15 ya mshahara wako unyamaze? Na mkataba wa 1959 nani alitualika? Misri 55.5, Sudan 18.5, bilioni za mita za ujazo, wakagawana mto mzima watu wawili kama pilau ya nyumbani. Mwalimu 1962 aliwaambia wazi mkataba wa Muingereza wa 1929 hautufungi.

Mhandisi Maji
Hapo kwa Mwalimu tuko pamoja. Nimesema tu maji ni ya nani kwa hesabu. Na ukitaka kukasirika kasirikia hili: kama bilioni 10 za mita za ujazo kila mwaka zinapotea kwa mvuke tu kwenye ziwa lile, kwa sababu wamemwaga bahari katikati ya jangwa ambako mvua hainyeshi. Kisha kumbuka upande wa pili. 1984 Ethiopia na Sudan watu wanakufa kwa ukame, Misri ilifungua akiba ya ziwa lile ikala. Mimi ningekwenda kwa sababu hiyo tu, kuona jinsi nchi nzima inavyoweza kuwekewa akiba kwenye mtungi mmoja. Na sisi tunayo sababu: bwawa la Mwalimu Nyerere pale Rufiji wamejenga Wamisri, mitambo 9, megawati 2,115. La Aswan ni 2,100. Aliyejenga letu kajifunzia pale.

Mrufiji
Nilikuwa nimenyamaza. Mhandisi umesema mtungi. Bibi yangu alilima mlau, mafuriko yakishuka unapanda kwenye lile tope, hununui mbolea, hupigi jembe kwa nguvu, mahindi yanakuja yenyewe. Mkulima wa Misri alikuwa hivyo hivyo toka enzi za mafarao. Tope sasa limelala chini ya ziwa la Nasser na mkulima ananunua mifuko ya mbolea, kule mdomoni Delta inaliwa na bahari. Nani anapanga safari ya kwenda kuangalia hilo? Mwambieni mama ukweli wote, si megawati peke yake.

Mhandisi Maji
Nimesema mvuke, nimesema ukame, sasa tope nalo mimi nimelificha?

Mrufiji
Umelisahau, na anayesahau tope hakulima.

Mwana-Ukerewe
Na samaki je. Sangara kule Nasser ni mwenyeji, yuko kwao Nili toka zamani. Sisi wametuletea miaka ya hamsini upande wa Uganda akafyeka aina nyingi za furu, samaki wetu wadogo. Nilikuwa mdogo nasikia wazee wakitaja aina za furu kama majina ya ndugu waliokufa. Leo nasikia watalii wanalipa pesa ndefu kumvua huyo huyo sangara Nasser kwa starehe kisha wanamrudisha majini.

Dereva wa Thika Road
Huyo kwetu ni mbuta. Na mbuta imesomesha watoto wengi Kisumu, usimtusi.

Mwana-Ukerewe
Imesomesha na imeua, yote mawili yaandike.

Mama Zuhura
Jamani. Wanangu. Nimeuliza niende au nisiende, sasa tuko kwenye sangara. Binti wa Makina, wewe umefika Aswan? Maana umeongea kama aliyewaona.

Binti wa Makina
Nimefika mama, 2022, na shangazi. Bwawani tulikaa hata hizo dakika ishirini za Fundi hazikufika, hapo namkubalia. Lakini tulilala Gharb Soheil, kijiji cha Wanubi ng'ambo ya mto, nyumba za rangi ya buluu na manjano, wengine wanafuga mamba ndani ya tangi la uani. Mzee wa nyumba alikuwa na miaka kama sabini. Shangazi akamuuliza kwa Kiarabu chetu kile cha Kibra, akaelewa nusu, kwenu hasa wapi. Akachovya kidole kwenye karkade, ile chai ya rosela, akachora mto juu ya meza. Hapa bwawa la Muingereza, 1902, wakaliinua, wakaliinua tena, kila mara vijiji vinapanda mlimani. Hapa la Nasser. Akaweka kokwa ya tende mbali kabisa kusini, akasema mimi wa hapa. Alikuwa mtoto walipopandishwa mashua kupelekwa Kom Ombo 1963 ama 64, nyumba hazijaisha kujengwa, hakuna mto, na kijiji kimepewa jina lile lile la zamani. Waliondolewa watu elfu hamsini Misri na kama hao tena upande wa Wadi Halfa Sudan. Shangazi akauliza, na makaburi? Akasema mama zao walikwenda kuyamwagia maji siku ya mwisho, na wengine walifunga udongo kwenye nguo. Shangazi hakuuliza tena. Karkade ilikuwa imekauka imenata kwenye meza, kokwa ipo pale pale, hakuna aliyeigusa.

Kesho yake ndio tukarudi bwawani, kwa hiari yetu, na teksi. Mara ya pili nilikaa saa nzima. Hayo maji mnayoyaita ziwa urefu wake unapita kilomita 500, na yote yamekaa juu ya nyumba za watu.

Fundi Mchundo
Hilo sikulipata. Sisi kiongozi wetu alitwambia mahekalu tu, mangapi yalihamishwa.

Binti wa Makina
Ndio kinachoniuma. Dunia nzima ilichanga pesa kupitia UNESCO, hekalu la Abu Simbel likakatwa vipande, likapandishwa mita 65 juu na kusogezwa 200 nyuma, toka 1964 mpaka 1968, na mlima ule mnaouona nyuma yake ni bandia, ndani kuna kuba la zege. Philae wakaihamishia kisiwa kingine. Jiwe lilipatiwa fedha za nchi kama hamsini, mtu akapatiwa mashua. Katiba yao ya 2014 ibara ya 236 imesema Wanubi watarudishwa maeneo yao ndani ya miaka 10. Hesabuni wenyewe imefika lini.

Sheikh wa Kisauni
Binti, Nasser hakuwa na njia. Nchi ina watu mamilioni wanategemea mto mmoja, ungefanyaje?

Binti wa Makina
Ningewauliza, mzee. Kuuliza hakuhitaji Mrusi.

Sheikh wa Kisauni
Hapo sina jibu, ila simlaumu mtu yule. Baba angenikana.

Dereva wa Thika Road
Binti nimesoma hiyo ya makaburi mara mbili. Ile ya matatu niliandika vibaya, pole.

Binti wa Makina
Nimeipokea. Ukija Makina uliza nyumbani kwetu, ila uje kama mgeni.

Mhandisi Maji
Mama Zuhura, basi usikatae bwawa, badilisha mpangilio. Jumba la makumbusho la Wanubi pale Aswan, lile lililofunguliwa 1997, liwe la kwanza asubuhi. Halafu Gharb Soheil mchana. Bwawani jioni jua likipoa, mtakuwa mnajua mnatazama nini. Umesema mwezi wa pili, tarehe ngapi?

Mama Zuhura
Tunaruka 17, tunarudi 26.

Fundi Mchundo
Mama! Tarehe 22 Februari alfajiri ndio jua linaingia Abu Simbel mpaka chumba cha ndani kabisa, linawagusa masanamu watatu, wa nne, mungu wao Ptah, anabaki gizani. Ni mara mbili tu kwa mwaka, nyingine 22 Oktoba. Mwambie huyo mpangaji wenu ahesabu nyuma kutoka tarehe hiyo. Na mlale kule kule, ni karibu kilomita 300 toka mjini, mkitoka Aswan usiku foleni ya mabasi itawaua.

Mama Zuhura
Nimewasomea wenzangu ile ya karkade kwa sauti kwenye kikao leo. Yule aliyekuwa mkali kuliko wote, wa Mtera, amesema tupunguze siku moja ya Kairo tulale kijijini. Sasa wamegawanyika upya, wanaotaka tarehe 22 na wanaoogopa msongamano. Na mume wa katibu anauliza kama anaweza kuvua.

Mwana-Ukerewe
Avue, lakini huyo sangara amle. Asimrudishe majini.

Mrufiji
Na mtakaporudi mje Rufiji, nauli ni ndogo. Bibi yupo, anaongea.