Msaada: kutoa picha ya bibi kwenye DVD ya sendofu

BintiPangani:
Habari za jioni wapendwa. Bibi yetu mzaa mama ametangulia mbele za haki mwezi uliopita, na hatuna picha yake ya maana. Ya kitambulisho amekunja uso, nyingine zote kageuka pembeni, maana kamera alikuwa haitaki kabisa. Ila kwenye DVD ya sendofu ya mama mdogo, mwaka 2007, kuna kipande amekaa kwenye kiti cha plastiki, khanga begani, anacheka wajukuu wakipita na keki. Huyo ndiye bibi tunayemjua.

Nimesimamisha video kwenye laptop (Windows) nikabonyeza Print Screen. Picha inatoka na mistari ya mlalo kwenye mdomo na mikono, na uso umekuwa mpana kuliko alivyokuwa. Nataka niichapishe A3, ikae sebuleni. Nifanyeje?

Kijana_wa_Makorora:
Pole sana dada. Weka VLC, programu ya kuchezea video, ni ya bure. Fungua DVD, ukifika pale bonyeza Shift na S kwa pamoja. Picha inaingia yenyewe kwenye folda ya Pictures, bila vitufe vya programu kuonekana.

FundiPicha_Mwanza:
Pole kwa msiba, binti yangu. Hii kazi naifanya studio karibu kila wiki, maana familia nyingi zina mzee ambaye yupo kwenye video ya harusi tu. Kijana kasema sawa, lakini mistari haitaondoka kwa Shift na S peke yake.

Video ya DVD za huku kwetu ni picha 25 kwa sekunde, na kila picha imeshonwa kwa nusu mbili: mistari ya witiri na mistari ya shufwa, zilizopigwa kwa kupishana sehemu ya 50 ya sekunde. Bibi akiwa ametulia nusu hizo zinalingana. Akicheka, mdomo unakuwa umeshasogea kabla nusu ya pili haijapigwa, ndiyo unaona ukingo wenye meno kama kitana. Kwenye VLC bonyeza D, kisha kwenye menyu ya Video, sehemu ya Deinterlace mode, chagua Yadif. Uso kuwa mpana ni jambo jingine: video ni ya umbo la 4:3 nayo inavutwa ijaze kioo kipana. Bonyeza A mpaka irudi 4:3.

Lakini kabla ya yote, nakili folda ya VIDEO_TS iliyo kwenye diski uiweke kwenye laptop na kwenye flashi. Diski za kuchoma za miaka ile zinakufa zikiwa kabatini bila kuguswa na mtu. Fanya leo.

Sasa kuchagua. Simamisha kabla kidogo ya kicheko, halafu bonyeza E. Kila ukibonyeza unasogea picha moja. Usikimbilie pale kicheko kimefika kileleni, kwa sababu hapo macho yamefumba na kichwa kinatikisika. Tafuta kicheko kinapoanza kushuka: mwili umetulia, macho yamefunguka, furaha bado imo usoni. Ni muda mfupi sana, lakini hata nusu sekunde ina picha 12.

Ukichoka kubonyeza, ffmpeg, programu ya video inayoendeshwa kwa kuandika amri, inatoa zote kwa mkupuo. Kama kipande kiko dakika ya 12 na sekunde 30 ya faili, andika hivi:

`ffmpeg -ss 00:12:30 -i VTS_01_1.VOB -t 4 -vf "yadif,scale=768:576" bibi_%03d.png`

Unapata picha kama 100, unazipitia taratibu na mama zako. Ile scale inarudisha umbo la uso, kwa sababu DVD inahifadhi 720 kwa 576 na nukta zake si za mraba. Na iwe PNG, aina ya faili isiyopunguza ubora wa picha. JPEG itabana tena video ambayo tayari imebanwa.

Kuhusu A3 nakuambia ukweli: haifai. Nukta 768 ukizichapisha kwa 150 kwa inchi unapata upana wa sentimita 13 hivi, na hapo bibi awe amejaza picha nzima. Chapisha ndogo, uizungushie kadibodi nyeupe pana ndani ya fremu kubwa. Ukutani inaonekana ya heshima kuliko uso mkubwa wenye ukungu.

Neema_K:
Kwani si kuna programu za akili bandia zinazokuza picha? Nimeona zinatoa uso safi kabisa.

FundiPicha_Mwanza:
Zipo, na kwa marehemu nakataa kuzitumia. Pale video haina taarifa, programu inabuni: inaweka kope, inalainisha makunyanzi, inapanga meno. Mteja anaondoka na mama mzuri ambaye si mama yake, na baada ya miaka kumi wajukuu watajua huyo ndiye. Kama kuna chembechembe, chukua picha nne zilizofuatana ambazo hajasogea, zipange kwenye GIMP, programu ya kuhariri picha, moja juu ya nyingine, ya chini asilimia 100, halafu 50, 33 na 25 kwa opacity, yaani kiasi cha kutopenya mwanga. Chembe zinapungua, sura inabaki yake.

Kijana_wa_Makorora:
Mzee, shikamoo. Mimi nikijaribu kwenye filamu za mtandaoni natoa weusi mtupu, kwa nini?

FundiPicha_Mwanza:
Marahaba. Hizo zimefungwa kwa ulinzi wa hakimiliki, picha haipiti mahali ambapo Print Screen inaweza kuiona. Kama unaandika kuhusu filamu, tafuta picha zinazotolewa na watengenezaji wenyewe kwa waandishi. Nyingi hupigwa na mpiga picha wa mnato kwenye eneo la kurekodi, kwa hiyo ni kali kuliko chochote utakachokamata kwenye kioo.

BintiPangani:
Shikamoo mzee wangu. Nimetoa hizo 100, mama kachagua moja kabla hata sijamaliza kuzifungua. Mistari imeisha. Karatasi ichukuliwe ya kung'aa au isiyong'aa?

FundiPicha_Mwanza:
Marahaba mwanangu. Isiyong'aa. Na mtafuteni aliyepiga video ile: kama alitumia kamera ya MiniDV na kanda bado anayo, mwombeni. Kanda ile inabeba megabiti 25 kwa sekunde, DVD haifiki hata 10. Ikipatikana, usichapishe bado, tuanze upya na hiyo.