Kaka ana mnunuzi, kadi ya shamba haionekani: kituo cha kanda au malori yake?

Mama Chebet, Minneapolis
Hamjambo wa nyumbani. Kaka yangu wa Njoro anataka EB-5, viza ya Marekani ya wawekezaji inayoleta ukaazi, kabla kifungua mimba wake hajafikisha 21. Ana malori ya mahindi. Pesa iliyobaki itatoka kwa shamba la marehemu baba, mnunuzi yuko tayari. Wakili anasema achague: dola 800,000 kwenye mradi wa kituo cha kanda (kampuni iliyoidhinishwa kukusanya pesa za wawekezaji wengi) huko mashambani, au afungue kampuni yake ya malori hapa. Lakini ofisi ya ardhi haiioni kadi ya kijani ya shamba, ile rekodi ya nani analimiliki. Wiki ya sita sasa. Karani anafungua kabati lilelile, anapekua faili zilizofungwa kwa kamba ya mkonge, kisha anasema, "Njoo Alhamisi." Tuchague ipi?

Baba Otieno, Dallas
Pole dada. Mbona asiombe E-2, ile viza nyingine ya wawekezaji? Jirani yangu Mhabeshi alifungua duka kwa pesa kidogo tu.

Jakisumu, Seattle
Omera, tumelisema hili mara ngapi? E-2 ni ya raia wa nchi zenye mkataba na Marekani. Ethiopia imo, Kenya haimo. Usimpotezee mtu muda.
Mama Chebet, I-526E, yaani ombi la mwekezaji wa kituo cha kanda, ya mradi wa mashambani hushughulikiwa mbele ya nyingine. Na laki nane si bei ya kila mahali: malori yakiwa nje ya TEA (maeneo ya mashambani au yenye ukosefu mkubwa wa kazi) ni 1,050,000, tangu sheria ya 2022.

Senje, Atlanta
Haraka ya nini kama mradi wenyewe utakwama? Binamu yangu aliweka zake kwenye hoteli, jengo likasimama ghorofa ya pili. Alipodai, akaambiwa sheria yataka pesa iwe kwenye hatari ya kupotea. Heri malori, kazi anayoijua.

Jakisumu
Heri malori? Hapo lazima awe na waajiriwa 10 wa muda wote kwenye W-2 zake (fomu za mishahara), mke na watoto hawahesabiwi. Kituo cha kanda huhesabu hata kazi zinazozaliwa nje ya mradi. I-829, ombi la kuondoa masharti ya ukaazi, ikifika bila hizo kumi, kadi ya ukaazi ya miaka miwili imekwenda.

Baba Otieno
Nimekosolewa, nimekubali. Ila hiyo laki nane ya dola ni zaidi ya shilingi milioni mia. Nakuru ni jiji tangu 2021 na vijana wetu wanashinda stejini bila kazi. Viongozi wangetupa umeme usiokatika, nani angeuza shamba la baba yake? Mimi mvua ya Machi ikianza hulala na simu sikioni, mama anisikilizishe inavyopiga mabati.

Senje
Usinilize, Baba Otieno.

Mama Chebet
Asanteni. Kaka amepiga simu sasa hivi. Kadi imeonekana, lakini jina lililoandikwa ni la babu, halikuwahi kuhamishwa kwa baba. Mnunuzi ametupa hadi mwisho wa mwezi. Nani ana wakili mzuri wa mirathi Nakuru?