Mwanangu anasema kitambaa cha njano kinaua mchezo. Nimjibu nini?

Baba Shabani:
Wakuu, salaam. Nipo Columbus, Ohio, mwaka wa 11 sasa. Kijana wangu ana miaka 15, ni beki wa timu ya shule kwenye huu mpira wao wa kuvaa helmeti. Ijumaa alimwingia mpinzani kwa kichwa, mwamuzi akarusha kitambaa cha njano, wapinzani wakasogezewa yadi 15. Adhabu sikushangaa. Nilichoshangaa ni kocha kumpigapiga mgongoni kumpongeza.

Jumapili tukiangalia NFL, ligi yao kubwa ya kulipwa, kila kitambaa kikirushwa anafoka kwamba mchezo umekuwa wa chekechea. Mimi nimekulia chandimu ya Temeke, haya mambo nimeyakuta ukubwani. Hizi adhabu zinasaidia kweli au ni danganya toto? Na kijana nimwambie nini? Kumtoa kwenye timu sitaki, marafiki zake wote wako huko.

Kisiki cha Mpingo:
Mkuu, faini peke yake ni danganya toto. Oktoba 2010, James Harrison wa Pittsburgh Steelers alimgonga Mohamed Massaquoi wa Cleveland Browns, akalimwa dola 75,000. Wikiendi hiyohiyo Dunta Robinson na Brandon Meriweather wakapigwa 50,000 kila mmoja. Harrison akatishia kustaafu, kisha akarudi na kugonga vilevile. Desemba 2011 ndipo akafungiwa mechi moja kwa kumgonga Colt McCoy. Mtu anayelipwa mamilioni, faini kwake ni hela ya vocha. Benchi ndilo linalouma.

Omosh wa Eldy:
Mimi niko upande wa kijana. Beki analenga kifua, mwenye mpira anainama ghafla, helmeti zinakutana. Hapo kosa ni la nani? Mkimwambia agonge chini, atavunja mtu goti. Halafu nyinyi mko kwenye kochi mnarudia picha polepole mara sita mkisema "alikuwa na muda wa kufikiri". Muda gani?

Jogoo la Shamba:
@Omosh hata huku kwetu kwenye soka tulilia hivyohivyo. Kombe la Dunia 1998 waamuzi waliagizwa kutoa nyekundu kwa rafu mbaya za kutokea nyuma, wazee wakasema mpira umekufa. Umekufa wapi? Mabeki walijifunza kukaba.

Mama Naima:
Kaka Baba Shabani, mimi ni muuguzi, niko Minnesota. Kitambaa kinaona lile pigo moja kubwa tu. Mike Webster, yule wa Steelers aliyefariki 2002 akiwa na miaka 50, hakuwa mtu wa kugongwa hewani. Alicheza katikati ya mstari wa mbele, anaanzisha mpira kisha anasukumana na jitu lililo mbele yake, kila mchezo, miaka 17. Hakuna mwamuzi wa kuadhibu hilo, ni kazi yake. Ubongo wake ndio Dk. Bennet Omalu, Mnigeria, aliuchunguza akakuta madhara ambayo ligi ilichukua miaka kuyakubali.

Kwa hiyo usiishie kwenye mechi. Muulize kocha wanagongana siku ngapi kwa wiki mazoezini. Na muulize mtoto, mkiwa wawili tu, kama amewahi kuona kizunguzungu akanyamaza.

Fundi Saa:
Ushauri wangu ni mfupi. Usimhubirie habari za anayegongwa, kijana wa miaka 15 hamwonei huruma mpinzani. Mwambie habari za anayegonga. Desemba 2017, Ryan Shazier, beki wa Steelers, aliinamisha kichwa kumwangusha mtu kule Cincinnati. Aliyeumia uti wa mgongo ni yeye. Miezi michache baadaye, kwa msimu wa 2018, ligi ikapiga marufuku kuinamisha kichwa kisha kugonga kwa helmeti, awe beki au mwenye mpira. Kitambaa kile kinailinda shingo ya mwanao pia.

Baba Shabani:
Nimerudi wakuu. Nimemwonyesha video ya Shazier. Alikaa kimya, kisha akauliza kama alitembea tena. Nikamwambia ndiyo, alijifunza upya, ila uwanjani hakurudi. Kocha nitamwona Jumatatu, pongezi zile lazima azieleze.

Mama Naima, nilimuuliza ulivyosema. Anasema wiki mbili zilizopita mazoezini aliona nyotanyota, akaendelea kucheza. Kichwa kinamuuma asubuhi mpaka leo. Mama yake hajui. Nianzie wapi?

Mama Naima:
Kwa daktari, leo hiihii, usisubiri Jumatatu. Mazoezi asiguse mpaka daktari aandike kwa mkono wake. Hiyo ni sheria ya jimbo lenu, kocha hana la kubisha. Na mama yake umwambie kabla hamjatoka nyumbani.

Baba Shabani:
Sawa dada. Natafuta funguo za gari.