Toleo jipya limevunja mitambo yetu, na tunaambiwa eti tatizo ni simu zetu

Wakuu, heshima mbele.

Nafungua uzi huu nikiwa na hasira, wala sitajifanya sina. Gemu ninayoilalamikia sitaitaja, kwa kuwa wajenzi wa humu mnaifahamu na wengine mtakuwa mmekwisha kukutana na jamaa zake: ni ile inayoonekana kwa ubavuni, yenye kihariri cha leveli ambamo mchezaji anapewa mbao, vyuma, magurudumu, bawaba, springi, minyororo, roda na mota, kisha anaachwa aunde mtambo unaofanya kazi kwa uzito, msuguano na mvutano wa kuelekea chini (graviti) tu, bila kuandika hata mstari mmoja wa programu. Raha yote ya gemu hii iko hapo. Wanaopenda kukimbia na kuruka wana gemu zao tele. Sisi tunaokesha kwenye kihariri tulivutiwa na jambo moja, kwamba mtambo ulioundwa sawasawa ulikuwa unafanya kazi kila ulipowashwa.

Sasa haufanyi. Tangu toleo jipya liingie, mitambo iliyokuwa ikienda bila kasoro inasambaratika mbele ya wachezaji, na tangazo lililoambatana na toleo hilo lilizungumzia kupungua kwa matumizi ya betri tu, bila neno lolote kuhusu fizikia. Tulipouliza, watengenezaji wake walitujibu kwamba tupunguze ubora wa picha au tutafute simu zenye nguvu zaidi. Jibu la namna hiyo ni la kumfunga mtu mdomo, na naomba mnivumilie nieleze kwa kirefu kwa nini halina ukweli.

Nianze na lifti yangu ya mizigo, ambayo baadhi yenu mmeipanda. Upande mmoja wa roda kuna jukwaa ambalo, pamoja na mzigo wake, lina kilo 100, na upande wa pili kuna jiwe la kusawazisha lenye kilo 110. Tofauti ya kilo 10 inavuta jumla ya kilo 210, kwa hiyo, ukiacha msuguano na uzito wa mnyororo, jukwaa linapanda kwa mchapuko wa karibu meta 0.47 kwa sekunde mraba, yaani taratibu kiasi cha mchezaji kusimama bila kurushwa. Pingili za mnyororo nilizifanya nzito kwa makusudi, kilo 12 kila moja, kwa sababu ambayo nitaieleza hivi punde. Mnyororo mzito nao una gharama yake: jukwaa likipanda, pingili nyingi zaidi huhamia upande wa jiwe na kuharibu mizani, hadi lifti inafika juu kwa kishindo. Dawa yake nikaichukua kwenye lifti za majengo marefu, ambazo hufungwa mnyororo au kamba nyingine inayoning'inia kutoka chini ya chumba cha abiria hadi chini ya jiwe la kusawazisha, ili uzito wa pande zote mbili ubaki vilevile popote chumba kilipo. Mtambo ukatulia. Ukiona vyaelea, vimeundwa.

Baada ya toleo jipya, mnyororo ule unavutika kama mpira. Ukisogeza kamera karibu unaona mwanga ukipenya kati ya pingili na pingili, jukwaa linaning'inia chini ya usawa wa sakafu ya kuanzia, roda inatetemeka, na mwisho bawaba ya juu inang'oka na jiwe kumwangukia mchezaji kichwani. Mchezaji hajui kilichotokea. Anachojua ni kwamba amekufa kwenye leveli yangu, na anaipa nyota moja.

Sababu yake si fumbo. Injini nyingi za fizikia za gemu, yaani programu zinazokokotoa mwendo na migongano ya vitu, hazikokotoi viungo vyote vya mnyororo kwa mkupuo mmoja. Hurekebisha kiungo kimoja, kisha cha pili, kisha cha tatu, halafu hurudia mzunguko huo mara kadhaa katika kila hatua ya muda (kipande kidogo cha sekunde kinachopigiwa hesabu moja), na kila marudio hukaribia jibu sahihi bila kulifikia kabisa. Box2D, injini ya Erin Catto iliyotumika kwenye gemu ya Angry Birds ya 2009, kwa muda mrefu ilipendekeza marudio 8 kwa ajili ya kasi na 3 kwa ajili ya mahali, na maelezo yake yanatahadharisha dhidi ya kitu chepesi kubeba kitu kinachokizidi uzito zaidi ya mara kumi. Ndiyo maana pingili zangu ni za kilo 12 na si za kilo moja. Ukipunguza marudio, simu inapata nafuu, betri inadumu, na minyororo ya watu wote inalegea kwa pamoja. Sijapewa ruhusa ya kuchungulia ndani ya programu yao, lakini mnyororo uliokuwa umekaza na sasa unavutika, bila mimi kugusa hata pingili moja, unanitosha kuwa ushahidi.

Hilo la mnyororo ningeweza kulimeza, maana angalau linampata kila mtu kwa namna moja. Kinachonichemsha damu zaidi ni gololi.

Mnajua mitambo ya gololi: gololi inadondoka, inagonga ubao, ubao unainua wenzo, wenzo unafungua mlango. Tuseme gololi ina kipenyo cha sentimeta 10 na inaanguka meta 5 hadi kwenye ubao wenye unene wa sentimeta 20. Inafika pale ikiwa na kasi ya karibu meta 9.9 kwa sekunde. Injini ikipiga hesabu mara 60 kwa sekunde, gololi inasogea kama sentimeta 16.5 kati ya hesabu moja na nyingine, kwa hiyo ni lazima ikutwe imegusana na ubao angalau mara moja kabla ya kuupita. Injini ikipiga hesabu mara 30, inasogea sentimeta 33, ambazo zinazidi unene wa ubao na kipenyo cha gololi vikijumlishwa. Hapo huweza kutokea kwamba katika hesabu moja gololi iko juu ya ubao, katika hesabu inayofuata iko chini yake, na kwa mujibu wa injini hapakuwa na mgongano wowote. Mlango haufunguki. Mchezaji anasubiri weee, kisha anaondoka.

Sasa, kwenye simu yangu gololi inagonga ubao kila mara. Kwenye simu ya mpwa wangu, ambayo inahemea fremu 30 (picha 30 kwa sekunde), mara inagonga, mara inapita. Kabla ya toleo jipya ilikuwa inagonga kwenye simu zote mbili. Maana yake ni moja tu: wameifunga fizikia kwenye mwendo wa picha, ili simu dhaifu ipige hesabu chache za hatua ndefu, wakati zamani hesabu zilikuwa na hatua ya muda isiyobadilika, picha ziende haraka au polepole. Hili ni kosa ambalo dawa yake inajulikana kwa watengeneza gemu tangu zamani. Mwanaprogramu wa gemu Glenn Fiedler aliieleza hadharani mwaka 2004, na ni dawa rahisi: muda uliopita unawekwa akiba, kisha unakatwa vipande vilivyo sawa, na kila kipande kinapigiwa hesabu yake. Simu ikichelewa, inapiga vipande viwili kwa picha moja. Wao walikuwa nayo dawa hiyo, wakaitupa.

Atakayesema kwamba labda simu dhaifu inapunguza tu mwendo wa gemu nzima, nimemtayarishia kipimo. Ning'inizeni tufe zito kwenye fimbo moja ngumu, si kwenye mnyororo, ili kati ya bawaba na kitovu cha tufe kuwe na meta 1, kisha lisukumeni kidogo. Chini ya mvutano wa meta 9.8 kwa sekunde mraba, ambao ndio kihariri kinadai kuutumia, pendulamu hiyo huenda na kurudi kwa takriban sekunde 2. Kama gemu ingekuwa inazubaa, saa ya mkononi ingeonyesha sekunde nyingi zaidi kwenye simu dhaifu. Haionyeshi hivyo. Sekunde ni zilezile 2 kwenye simu zote mbili, ila kwenye ile dhaifu msogeo unafifia upesi, kana kwamba bawaba imejaa mchanga. Muda ni uleule, vipande vyake ndivyo vimekuwa vikubwa, na kwa kila kipande kikubwa pendulamu inapoteza nguvu ambayo hakuna aliyeichukua. Kwa mtu aliyejenga saa ya pendulamu, kama yule mwenzetu wa leveli ya mnara, huo ni msiba.

Kuna na suala la usingizi, nalipitia haraka. Injini nyingi hukilaza kitu kilichotulia ili zisikipigie hesabu bure. Kwenye Box2D ya kabla ya toleo la 3 kiwango cha kawaida kilikuwa kitu kutembea chini ya sentimeta 1 kwa sekunde kwa muda wa nusu sekunde. Ni utaratibu mzuri kabisa. Lakini kiwango chao kipya ni kikubwa mno, kwa hiyo milango yote inayoshuka polepole, mizani inayojaa punje moja moja, na vali za saa za maji zinagandia katikati ya safari hadi mchezaji azigonge kwa mguu. Hapo zamani tungeona alama ya kulala kwenye kihariri. Alama hiyo nayo wameiondoa, sijui ilimkera nani.

Nasikia hoja kwamba sisi wajenzi tunadai makuu, kwamba gemu ya simu haiwezi kutunza fizikia ileile kwenye vifaa vya kila aina. Hoja hiyo ingekuwa na uzito miaka ya nyuma. Mwaka 2024 Catto mwenyewe alieleza hadharani jinsi toleo la 3 la Box2D linavyotoa matokeo yaleyale kwenye mifumo na prosesa tofauti. Na hata bila kufika huko, gemu ya LittleBigPlanet ya 2008 kwenye PlayStation 3 iliwapa wachezaji pistoni, winchi na swichi, wakajenga hadi kikokotoo cha kujumlisha na kutoa, na pembeni ya skrini palikuwa na kipimajoto kilichomwonyesha mjenzi ni kiasi gani cha uwezo wa mashine amekwisha kukitumia. Mjenzi aliambiwa mapema kwamba kikijaa basi, hakuna kuongeza. Huo ni mpaka wa kiungwana: unauona, unaupangia hesabu. Sisi tumewekewa mpaka usioonekana, halafu ukasogezwa usiku tukiwa tumelala, mithili ya seremala ambaye futi yake imepunguzwa na jirani kisha anashutumiwa kwamba milango yake haiingii kwenye fremu.

Na wanaoumia hasa ni akina nani? Mwenye simu ya milioni mbili yenye fremu 120 hajui hata tunalalamikia nini. Kwake gololi inagonga na saa inatembea. Wengi wetu humu tunacheza kwenye simu za kawaida, na wachezaji wanaotembelea leveli zetu ni watu wa aina yetu. Gemu inahesabu ni wangapi wameanza leveli na wangapi wameimaliza, na leveli isiyomalizika inashushwa hadi haionekani tena kwenye utafutaji. Kwa hiyo mtambo wako unavunjwa na wao, lawama unabeba wewe, na adhabu inatekelezwa na kompyuta isiyosikia rufaa. Kazi ya miezi inazikwa bila hata taarifa.

Ninachodai hakihitaji bajeti ya kutisha. Kila leveli ibaki na toleo la fizikia ililojengewa, kama programu za ofisi zinavyofungua faili la zamani bila kuvuruga kurasa zake, na anayetaka fizikia mpya aichague mwenyewe baada ya kuijaribu. Hatua ya muda irudi kuwa isiyobadilika. Kama simu haiwezi, basi gemu ipunguze mwendo waziwazi kuliko kudanganya. Namba zinazotuhusu, yaani mvutano, hatua ya muda, idadi ya marudio na kiwango cha usingizi, ziandikwe ndani ya kihariri ambako kila mjenzi atazisoma. Na leveli zilizoshushwa tangu toleo hili zirudishiwe nafasi zake, kwa sababu alama zile zilipatikana kwa udanganyifu, hata kama haukukusudiwa.

Wako watakaonishauri nijenge upya kwa kukwepa kasoro: mbao nene zaidi, kamba moja badala ya mnyororo, gololi zisianguke zaidi ya meta moja. Naziheshimu mbinu hizo na ninazijua. Lakini kuijenga upya lifti kwa kufuata kasoro za leo ni kuitegea ife tena siku kasoro hizo zitakapobadilishwa kimyakimya, na hawajatoa ahadi yoyote kwamba hazitabadilishwa. Leveli zangu zote nimezifunga, na mpya sitoi.

Kabla hatujaandika barua ya pamoja, nawaomba jambo moja. Jengeni pendulamu ile ya meta 1 niliyoieleza, iacheni iende, kisha wekeni humu aina ya simu, idadi ya fremu inayoonyeshwa, sekunde za kwenda na kurudi, na muda uliopita hadi msogeo upungue nusu. Wenye simu ambayo bado haijapokea toleo jipya, tafadhali zimeni usasishaji wa moja kwa moja leo hii na mpime kwanza, kwa sababu nyinyi ndio mliobaki na kipimo cha fizikia ya zamani. Matokeo nitayapanga kwenye jedwali mimi mwenyewe, na jedwali hilo ndilo litakalotangulia barua. Watakaokuja kuniandikia ninunue simu nyingine, wapite tu. Jibu hilo tumekwisha kupewa na wenyewe.